Dawa haingoji bukari



Wiki mbili zilizopita, baada ya mkutano wetu wa Jumamosi, mwenzetu mmoja alibaki nyuma wakati wengine wanapanga viti. Hatutataja jina lake wala komini anayokaa. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba kwa siku nne hakumeza dawa zake za VIH. Dawa alikuwa nazo, ndani ya sanduku, chini ya vitambaa. Kilichokosekana nyumbani kilikuwa unga. "Dawa hizi ni kali," alisema, "na mimi sikula kitu. Nitazimeza namna gani na tumbo tupu?"

Tulikuwa mama watano pale. Wawili kati yetu walitikisa kichwa, kwa maana nao waliwahi kufanya vile vile. Ndipo tulipoona kwamba jambo hili si la mtu mmoja, na kwamba linafaa kuandikwa humu ili kila nyumba ilisome: wale wanaoishi na VIH, na wale wanaopika chungu kimoja pamoja nao.

Tulimuuliza muuguzi anayefuata wagonjwa wa VIH. Jibu lake lilikuwa fupi: dawa haingoji bukari. Ukiwa na chakula, kula, kisha meza. Ukikosa chakula, meza, kisha tafuta chakula. Kidonge wanachopewa watu wazima wengi siku hizi, kile kimoja cha siku chenye dolutegravir ndani, kinaweza kumezwa pamoja na chakula au bila chakula. Ziko dawa nyingine, kama zile zenye atazanavir, ambazo zinatakiwa kumezwa pamoja na chakula. Kwa hiyo kila mmoja amuulize muuguzi wake: "Hii yangu ni ya namna gani?" Lakini hata kwa hizo, usiruke siku. Ndizi moja au kikombe cha uji kinaweza kuifungulia dawa mlango.

Kila kimoja na kazi yake

VIH hushambulia askari wa damu, wale wanaotulinda na magonjwa. Dawa za ARV huzuia virusi visizaliane. Chakula hakiwezi kufanya kazi hiyo hata kikiwa kizuri namna gani. Kazi ya chakula ni kujenga mwili, kurudisha nyama iliyopotea, kuongeza damu na kutoa nguvu. Kila kimoja kina kazi yake, na hakuna kinachoshika nafasi ya mwenzake.

Mtu akiacha dawa siku kadhaa, virusi huamka. Akizoea kuacha na kurudia, virusi vinaweza kujifunza kuishindana ile dawa, halafu munganga analazimika kutafuta nyingine. Siku moja ya njaa, mwili unaweza kuisahau ukipata chakula kesho. Virusi havisahau.

Hata hivyo, tusiseme kwamba njaa ni jambo dogo. VIH na kukonda husukumana kama watu wawili wanaozungushana. Ugonjwa huleta homa, kuhara na vidonda vya kinywa. Mtu anakula kidogo. Wakati huo huo mwili unatumia nguvu nyingi kuliko kawaida, na matumbo hayanyonyi vizuri kile kidogo kilicholiwa. Mtu anakonda. Akikonda, kifua kikuu na magonjwa mengine humpata kirahisi, naye anazidi kushindwa kula. Mzunguko huo unakatwa kwa mikono miwili: dawa kila siku, na chakula bora kadiri inavyowezekana.

Kinachoongezeka ni kiganja cha karanga

Mama wengi wanakata tamaa kwa sababu wameambiwa kwamba mwenye VIH lazima ale nyama, maziwa, mayai na matunda ya bei kali kila siku. Wanaangalia mfuko wao, wanaona hawawezi, wanaacha yote. Hapa tunapenda kuweka hesabu mezani.

Shirika la Afya Duniani lilieleza tangu mwaka 2003 kwamba mtu mzima mwenye VIH ambaye hana dalili za ugonjwa anahitaji nguvu za chakula zaidi kwa asilimia 10 tu. Akiwa mgonjwa, au anapoinuka kutoka katika ugonjwa, anahitaji zaidi kwa asilimia 20 hadi 30. Mtoto mwenye VIH anayepungua uzito ndiye mwenye uhitaji mkubwa: asilimia 50 hadi 100 zaidi ya mtoto mwingine wa umri wake.

Asilimia 10 ni kitu gani? Mama mwenye kuhitaji kalori 2.100 kwa siku ataongeza kalori 210. Hizo zinapatikana katika kiganja kimoja kilichojaa karanga, gramu 40 hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori karibu 120. Kwa hiyo mtu ambaye hajaugua hahitaji sahani ya tajiri. Anahitaji sahani ya kila siku iliyo kamili, na juu yake kiganja cha karanga.

Wazee wetu na posho

Shida yetu Lubumbashi ni kwamba sahani ya kila siku mara nyingi si kamili. Tunashiba bukari, na mboga inakuwa ya kuonja tu. Bukari inatoa nguvu, lakini peke yake haijengi mwili.

Wale waliozaliwa katika kambi za Union Minière walisikia hadithi za posho kutoka kwa wazazi wao. Kampuni haikugawa posho kwa upendo; ilitaka mtu mwenye nguvu za kuingia shimoni kesho. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, haikugawa unga peke yake. Pamoja na unga palikuwa na maharagi, samaki au nyama, karanga na mafuta ya mawese. Wale waliofanya hesabu walijua kwamba mtu hafanyi kazi kwa unga mtupu. Mwili unaopigana na VIH nao uko kazini, usiku na mchana.

Tena unga wenyewe hautulii. Sehemu kubwa ya mahindi tunayokula hutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Tarehe 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza kwamba ukame umekuwa janga la taifa. Wilaya 84 kati ya 116 za nchi ile ziliguswa. Jua lililokausha mashamba ya jirani lilitufikia sisi kupitia bei ya meka sokoni. Nyumba inayotegemea unga tu hutikisika kila mpaka unapotikisika. Nyumba yenye maharagi, karanga na mboga za lupango hutikisika pia, lakini haianguki haraka.

Yaliyo sokoni kwetu

Tuliangalia vitu vinavyopatikana katika masoko yetu, tukachagua vile vinavyoweka mengi mwilini kwa bei ndogo.

Kapenta na ndakala huliwa nzima na mifupa yake, kwa hiyo hutoa vya kujenga mwili na vya kuimarisha mifupa. Fungu dogo likisagwa na kutiwa ndani ya mboga linatosha nyumba nzima, na hakuna mtoto anayebaki na mchuzi tu.

Vinkubala ni nyama yetu ya tangu zamani. Vikikauka, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini. Wakati wa msimu, mwenye nafasi anunue na kuhifadhi mahali pakavu.

Maharagi na soya. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe vizuri, kwa sababu mbichi inasumbua tumbo na kuzuia protini isitumike. Kwa uji, changanya vikombe 3 vya unga wa mahindi na kikombe 1 cha unga wa soya iliyokaangwa. Uji ukiiva, tia kijiko cha karanga zilizosagwa, na ndizi iliyopondwa kama ipo.

Sombe, lenga-lenga, matembele na majani ya maboga huleta vitamini na kuongeza damu. Sombe itwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu. Tia karanga au mawese ndani yake, na mwili utapata faida kubwa zaidi.

Mafuta ya mawese yana vitamini A kwa wingi wakati bado ni mekundu. Ukiyaunguza mpaka yakawa meupe, umeichoma vitamini yenyewe.

Karanga na mahindi yenye ukungu usinunue hata kwa bei ya chini, na usiseme utamsagia mtoto. Sumu ya ukungu haiondoki kwa moto, nayo huharibu ini.

Mboga zioshwe kwa maji safi mara kadhaa. Sisi tunakaa katika mji wa madini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na madini mengine kwa wingi ndani ya miili yao. Vumbi linalokaa juu ya majani, tunaweza angalau kulipunguza kwa kuosha. Na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kwa sababu kuhara kwa siku tatu kunaweza kumnyang'anya mgonjwa uzito alioupata kwa mwezi mzima.

Siku ambazo mwili unakataa chakula

Kichefuchefu kikija, usijilazimishe sahani kubwa. Kula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na vitu vikavu kama viazi vitamu au mkate. Kinywa kikiwa na vidonda, acha pilipili na vitu vya moto; chagua uji, parachichi, ndizi mbivu, supu ya maharagi iliyopondwa. Vidonda vyeupe ndani ya kinywa vina dawa yake, kwa hiyo usivumilie nyumbani, nenda kituo cha afya.

Ukihara, endelea kula, na unywe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Kuna pia wenzetu ambao shida yao ni kunenepa. Wanashangaa, maana walizoea kusikia kwamba VIH inakondesha tu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 kutoka Afrika Kusini na Kameruni ulionyesha kwamba watu wanaotumia dolutegravir wanaweza kuongezeka uzito, na wanawake zaidi. Hilo si sababu ya kuacha dawa. Punguza sukari, vinywaji vitamu na mikate ya kukaanga, tembea kwa miguu, na omba upimwe presha na sukari ya damu.

Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha

Mama wengi bado wanaogopa kunyonyesha. Wengine wanawapa watoto uji mwepesi tangu mwezi wa pili, na mtoto anakonda mbele ya macho yao. Shauri la Shirika la Afya Duniani ni hili: mama anayemeza ARV vizuri anyonyeshe maziwa yake tu kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji wala uji. Baada ya hapo aongeze vyakula vingine, na aendelee kunyonyesha mpaka miezi 12, hata 24. Anayemlinda mtoto ni mama asiyeruka dawa. Mtoto naye apelekwe kupimwa na kupewa dawa zake kwa siku zilizopangwa.

Mwenye mimba anayepewa vidonge vya chuma au vya kalsiamu amwambie muuguzi kama anameza pia dawa yenye dolutegravir. Vidonge hivyo vinaweza kuipunguzia dawa nguvu vikimezwa pamoja na tumbo tupu. Pamoja na chakula hakuna shida. Bila chakula, dolutegravir imezwe saa 2 kabla ya vile vingine, au saa 6 baadaye. Na pemba, ule udongo mweupe ambao wengi wetu tunapenda kuutafuna wakati wa mimba, hauongezi damu. Unaweza kuzuia chuma cha chakula kisiingie mwilini. Kama tamaa yake inakushinda, mwambie muuguzi bila haya.

Wanaouza matumaini

Kila soko lina mtu anayeuza unga wa majani au chupa ya mizizi na kusema kwamba inamaliza Sida. Moringa ni mboga nzuri. Vitunguu saumu vinatia ladha. Hakuna hata kimoja kinachoua VIH.

Nchi kubwa kuliko mji wetu ilijifunza somo hili kwa uchungu. Miaka ya 2000, waziri wa afya wa Afrika Kusini, Manto Tshabalala-Msimang, alisifu vitunguu saumu, malimau na bitiruti mbele ya watu, wakati serikali yake ilikuwa inachelewesha ARV. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kwamba kuchelewa kule, kati ya mwaka 2000 na 2005, kulipoteza maisha ya watu zaidi ya 330.000. Vitunguu vile havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuviweka mahali pa dawa.

Na ule mfuko wa karanga laini wanaopewa watoto waliokonda sana ni dawa pia. Chakula hicho kilibuniwa Ufaransa mwaka 1996, na hata hapa Lubumbashi kampuni ya Amwili iliwahi kukitengeneza. Mtoto aliyepewa amalize mwenyewe. Tukigawia nyumba nzima, au tukiuza mifuko miwili ili tupate unga, tumemkatia mgonjwa dawa katikati.

Sahani ya mama

Sasa tuseme lile ambalo hatupendi kulisema. Katika nyumba zetu nyingi, baba anapakuliwa kwanza, mgeni wa pili, watoto wa tatu. Mama anakwangua sufuria. Akiwa na VIH na anakula kikoko tu, hata dawa nzuri itakuta mwili usio na kitu cha kujengea. Hatuombi mama ale kuliko wengine. Tunaomba apakue sahani yake pamoja na zile nyingine, kabla sufuria haijaisha, na baba wa nyumba aangalie kwamba imepakuliwa. Baba anayesoma haya, hili ni lako.

Kuna nyumba nyingine ambamo mgonjwa ametengewa kikombe chake, sahani yake, kijiko chake. VIH haipiti katika sahani, wala katika kikombe, wala katika bukari inayoshikwa na mikono mingi. Kinachopita hapo ni huzuni, na mtu mwenye huzuni hali. Nchi yetu ina sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, inayolinda haki za watu wanaoishi na VIH na kukataza kuwabagua. Lakini sheria haiwezi kuingia jikoni kila jioni. Jikoni tuko sisi.

Alama za kutokungoja

Pima uzito kila mwezi, na uandike. Mtu wa kilo 60 aliyeshuka mpaka 54 bila kutaka amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, asingoje. Mama wa urefu wa mita 1 na sentimita 60 akiwa chini ya kilo 47, amekonda kupita kiasi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, utepe wa mkono ukionyesha chini ya milimita 115, apelekwe siku ile ile. Kukohoa, homa ya usiku na jasho pamoja na kukonda, omba kipimo cha kifua kikuu. Na kama hali yako imetulia, uliza kama unaweza kupewa vidonge vya miezi kadhaa kwa mara moja. Pesa ya njia utakayookoa inaweza kuwa maharagi.

Tulichokubaliana

Mwenzetu yule alimeza dawa yake jioni ile ile, na kikombe cha uji kilichotoka kwa jirani. Jumatatu alirudi kituo cha afya, akasema ukweli kuhusu siku zake nne. Hakufukuzwa. Alipangiwa kipimo cha wingi wa virusi, na jibu bado linangojewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tuandike haya.

Wengi wetu tuko katika likelemba, kwa hiyo tunajua namna kidogo cha kila mmoja kinavyokuwa kikubwa. Tumekubaliana hivi: kuanzia Jumamosi ijayo, kila mama anayeweza alete kikombe kimoja cha karanga, maharagi au soya. Vyote vitamiminwa katika ndoo mbili zenye vifuniko, nyuma ya mlango wa chumba cha mkutano. Hakuna daftari la majina. Anayehitaji atachota wakati wa kuondoka, na hakuna atakayemuuliza ana ugonjwa gani, kwa maana njaa ya mjane na njaa ya mwenye VIH zinachota katika ndoo moja.

Usije mikono mitupu ukiwa nacho. Usione haya kuja mikono mitupu ukiwa huna. Na jioni ya leo, kabla ya kuuliza kama bukari imeiva, meza dawa yako.